Gitaa limeibwa: Mchango pekee hautoshi

USIKU wa Jumapili moja ya kiangazi, kijana niliyewahi kumfundisha darasani alikuwa amesimama katika kituo cha basi katikati ya mji wa Bujumbura. Gitaa lake lilikuwa ndani ya mfuko mweusi, miguuni pake. Alikuwa anatoka kupiga muziki wa harusi, na alikuwa amesubiri usafiri kwa saa mbili.

Msomaji anayeishi Bujumbura hahitaji kuelezwa kwa nini saa mbili. Tangu mwaka 2021 uhaba wa petroli umekuwa ukija na kuondoka kama homa ya vipindi. Na tangu Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya mji kwa lengo la kupunguza ajali. Anayemaliza kazi usiku ana mambo mawili tu ya kuchagua: kutembea au kusubiri.

Basi lilipofika, watu waligombea mlango kama kawaida. Kijana akasukumwa, akageuka kumwomba radhi mama mmoja aliyemkanyaga, kisha akainama kuchukua mfuko wake. Hakukuta kitu.

Kijana huyu ana miaka 24 na ni mpiga solo. Ijumaa hupiga katika baa za karaoke, Jumamosi harusini, Jumapili asubuhi kanisani. Kwa kazi hiyo analipa kodi ya chumba huko Buyenzi na ada za wadogo zake wawili. Hana kazi nyingine, na kwa maana hiyo ni mwanamuziki wa kulipwa kama vile mimi nilivyo mwalimu wa kulipwa.

Alipokuja kwangu siku ya tatu, alinisalimu "Shikamoo Mwalimu", akakaa, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo moja ambalo limenifanya niandike makala haya. Alisema: "Mwalimu, watu wananipa pole kana kwamba nimeibiwa redio."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tunadhani gitaa ni kitu cha starehe, kwa sababu sisi tunaolisikia tuko kwenye starehe. Kwa anayelipiga, gitaa ni cherehani ya fundi nguo, ni jembe la mkulima. Fundi akiibiwa cherehani, mtaa mzima unajua kwamba watoto wake watalala njaa. Mpiga gitaa akiibiwa gitaa, mtaa unasema atapata jingine.

Je, atalipata wapi?

Tuanze na bei, maana ndiyo kikwazo cha kwanza. Magitaa ya umeme hayatengenezwi viwandani hapa Burundi. Yanatoka Asia, Ulaya au Marekani, na bei yake huanza kwa dola. Tuchukue mfano wa gitaa la kawaida la dola 250, ambalo si la kifahari hata kidogo.

Kabla ya Mei 2023, dola moja kwa bei rasmi ilikuwa karibu faranga 2,090. Gitaa hilo lingegharimu takriban faranga 522,500 kabla ya usafiri na ushuru. Mwezi huo benki kuu ikashusha thamani ya faranga, dola ikapanda hadi karibu 2,890. Gitaa lile lile likawa faranga 722,500. Halikuongezwa waya wala nati.

Na hiyo ni bei rasmi, ambayo kijana wa Buyenzi haioni kwa macho. Dola za benki huenda kwanza kwenye mafuta, dawa na mbolea, na hakuna mwenye akili timamu atakayelaumu hilo. Anayetaka dola za gitaa huenda kwa wabadilishaji wa pembeni, ambako kufikia mwaka 2025 bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile rasmi. Hesabu msomaji umalizie mwenyewe.

Kwa miaka mingi vijana wetu walikwepa hesabu hiyo kwa kuvuka mpaka. Kijana huyu gitaa lake alilinunua Uvira mwaka 2022, kutoka kwa mwanamuziki wa Kikongo aliyekuwa amepata jingine bora zaidi. Ndiyo njia ya zamani. Nchi ya Kongo ina magitaa mengi, na Mkongo anayepanda daraja humwachia kijana wa Burundi gitaa lake la jana.

Lakini njia hiyo nayo imeharibika. Mwaka 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari, na Bukavu ikafuata Februari. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kuja Burundi wakiwa na magodoro kichwani. Biashara ndogo ndogo ya mpakani huwa ya kwanza kufa vita vinapokuja. Gitaa kuukuu la Uvira ni sehemu ya biashara hiyo, ingawa hakuna takwimu ya forodha inayolitaja.

Wapo watakaosema kwamba mwanamuziki wa kweli hakosi chombo. Watanitajia Franco Luambo wa Kinshasa, ambaye akiwa mtoto alijitengenezea gitaa la kopo na nyaya, akalipiga kando ya meza ya mama yake aliyekuwa akiuza maandazi sokoni. Ni kweli, na ni habari nzuri ya kuwasimulia watoto.

Hata hivyo, habari hiyo huwa tunaikata katikati. Franco hakuwa Franco kwa gitaa la kopo. Alifundishwa na Paul Ebengo, aliyejulikana kama Dewayon, aliyekuwa na gitaa la kweli. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, akaingia studio ya Loningisa kwa mkataba wa miaka kumi. Mtu mwenye mali aliona kipaji akakifunga kwa karatasi. Na bendi aliyoshiriki kuianzisha mwaka 1956, OK Jazz, ilichukua jina lake kutoka kwenye baa ya OK ya Oscar Kashama. Kopo lilimfikisha mlangoni, lakini ndani ya nyumba alikuta wenyewe.

Nakumbuka haya kwa sababu mimi nilikulia mahali ambapo gitaa lilikuwa moja kwa watu wengi. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, nami nikazaliwa na kusoma Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi. Vijiji vyetu viliitwa kwa namba za barabara. Barabara ya 13 ilitoa kwaya iliyokuja kujulikana Tanzania nzima.

Kwaya ya kijiji chetu haikujulikana popote, lakini ilikuwa na gitaa. Lilikuwa mali ya kanisa. Waya ukikatika, tulifungua breki ya baiskeli tukachukua nyuzi zake. Mwaka mmoja shingo ya gitaa ilipasuka, na wazee wakaita kikao. Kila kaya ilitoa kidogo kutoka katika fedha za tumbaku. Baada ya msimu mmoja gitaa jipya likaja kutoka Tabora mjini, likiwa juu ya lori la mizigo.

Hakuna aliyesema tunamsaidia mpiga gitaa, kwa sababu kijiji kilikuwa kinatengeneza kilicho chake.

Niliporudi Burundi mwaka 2009, nikiwa miongoni mwa maelfu ya waliorejea kutoka makazi yale ya zamani, nilikuta jambo linalofanana na hilo, ila kwa ngoma. Ngoma zetu za kifalme ziliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia usioshikika. Pale Gishora, karibu na Gitega, zinatunzwa na watu wanaojua kila moja ilitoka wapi.

Ngoma ikipasuka, mti upo na ngozi ipo. Aidha, sheria ipo: agizo la mwaka 2017 liliweka utaratibu wa maonyesho ya ngoma, pamoja na malipo ya faranga 500,000 kwa serikali kwa kila onyesho. Unaweza kuupenda utaratibu huo au usiupende, kwani wapo walioulalamikia, hasa kwa kuwazuia wanawake kupiga. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba ngoma haina mwenyewe.

Gitaa la kijana wa mjini halina kikao cha wazee, halina Gishora, wala agizo lolote. Lina mtu mmoja tu, naye alikuwa ameinama kituoni.

Tukitazama majirani zetu, tunaona kwamba upweke huu ni jambo jipya. Tanzania, ambako nilisikia muziki wa dansi kupitia redio utoto wangu wote, wanamuziki wengi wa bendi kubwa hawakuwa na vyombo vyao. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa. Gitaa likiharibika, hasara ilikuwa ya shirika.

Palikuwa pia na watu binafsi walioitwa wenye vyombo. Marehemu Remmy Ongala, Mkongo aliyewavutia Watanzania kwa kuwaimbia wanyonge, aliongoza bendi ya Super Matimila. Jina hilo la Matimila bendi ililipata kwa mwenye vyombo. Mtu aliyejulikana mpaka Ulaya alisimama jukwaani chini ya jina la mwingine kwa sababu vyombo vilikuwa vya mwingine.

Kwa hiyo mfumo wa zamani ulikuwa na uzuri na ubaya wake. Uzuri ni kwamba mwanamuziki hakulala akiwaza mwizi. Ubaya ni kwamba akigombana na mwenye vyombo, alitoka mikono mitupu, hata kama nyimbo zote alitunga yeye.

Kizazi cha leo kimejinunulia vyombo. Huu ni ukombozi ambao hatujaupa jina. Kijana mwenye gitaa lake anaweza kukataa kazi yenye dharau. Anaweza kupiga harusi hii na kuacha ile, akapiga Buyenzi leo na Ngozi kesho. Lakini alipojinunulia uhuru alijinunulia na hatari yote, kwa sababu waliokuwa wakiibeba hatari hiyo zamani wameondoka na hakuna aliyeshika nafasi yao.

Mwizi wa kituoni hakujua haya yote, ila alichokichukua usiku ule ni uhuru huo pamoja na mbao na waya. Ushahidi ni kilichofuata.

Wiki ya kwanza marafiki walichangishana kwa simu, kwa Lumicash. Nami nilitoa changu. Ikapatikana karibu theluthi moja ya bei. Wiki ya pili mchango ukapungua, wiki ya tatu ukakauka. Simlaumu mtu. Kwa msiba tunayo desturi: tunajua nani anatoa, lini, kiasi gani, na nani anaandika daftari. Kwa chombo cha kazi kilichoibwa hatuna desturi. Kila mtu hutoa kwa huruma, na huruma haina ratiba.

Wiki ya tatu hiyo hiyo, mwenye baa mmoja akamwita kijana. Alikuwa na gitaa zuri, lililoachwa na bendi iliyovunjika. Akamwambia: "Chukua upige. Utakuwa wangu siku tatu kwa wiki, na nusu ya malipo yako nitaikata kwa ajili ya gitaa." Kijana akauliza, mpaka lini? Mzee yule akacheka, akasema, "Mpaka upate lako."

Mwalimu nakiri kosa langu. Kijana aliponiomba ushauri nilimwambia akubali. Nilifikiria ada za wadogo zake na kodi ya chumba. Usiku nilipolala ndipo nilipoelewa nilichomshauri. Akikatwa nusu, hataweza kuweka akiba ya kununua lake. Asipopata lake, makato hayataisha. Nilikuwa nimemtuma kijana wangu kwenye deni lisilo na mwisho, na nilifanya hivyo kwa nia njema.

Msomaji atauliza, na polisi je? Kijana alikwenda kituoni asubuhi iliyofuata. Aliulizwa maswali matatu, nayo yalikuwa maswali ya haki kabisa. Una stakabadhi ya ununuzi? Hakuwa nayo. Namba ya gitaa ni ngapi? Hakujua kama gitaa lina namba. Una picha inayoonyesha alama yake? Alikuwa na picha nyingi za jukwaani, lakini katika zote mkono wake ulikuwa umefunika mahali penye mkwaruzo ambao yeye peke yake aliujua.

Hapa nataka vijana wanisikilize vizuri. Magitaa mengi ya viwandani yana namba, mara nyingi nyuma ya kichwa pale kwenye vikazio vya nyuzi, au kwenye bamba la nyuma ya shingo. Namba hiyo, picha mbili tatu za karibu na karatasi ndogo yenye sahihi ya aliyekuuzia ndiyo bima ya kwanza ya maskini. Haigharimu faranga hata moja.

Wasidhani natia chumvi. Mwaka 1976, mwanamuziki wa Kanada aitwaye Randy Bachman aliibiwa gitaa lake katika hoteli mjini Toronto. Alilinunua ujanani kwa dola 400 alizokusanya kwa vibarua. Alilitafuta miongo mingi bila mafanikio, akanunua mengine mengi kujifariji. Mwaka 2020 shabiki mmoja, akitumia picha za zamani na programu ya kompyuta ya kulinganisha sura, aliligundua kwenye video ya mwanamuziki wa Japani. Mistari na alama za mbao ndizo zilizolitambulisha. Bila picha ya zamani yenye kuonekana vizuri, lingebaki Japani milele.

Lakini somo kubwa la kisa hicho ni namna lilivyorudi. Yule Mjapani, anayejulikana kwa jina la Takeshi, alikuwa amelinunua dukani Tokyo kwa nia njema. Hakuwa mwizi. Akakubali kulirudisha kwa sharti la kupewa linalofanana nalo. Bachman akatafuta gitaa la aina ile ile na la wakati ule ule, na Julai 1, 2022 wakabadilishana jijini Tokyo, katika ubalozi wa Kanada.

Naye Paul McCartney wa Uingereza aliibiwa gitaa lake la besi mwaka 1972 likiwa ndani ya gari jijini London, na Februari 2024 ikatangazwa kwamba limepatikana. Miaka zaidi ya hamsini! Matajiri hawa wangeweza kusubiri kwa sababu siku iliyofuata walishika gitaa jingine. Mpiga solo wa Buyenzi ana harusi Jumamosi. Kwake gitaa la pili ndilo jambo la haraka, na mwizi anaweza kungoja zamu yake.

Basi tufanye nini? Mimi si waziri wala mwanauchumi, ila nimefundisha watoto wa nchi hii kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na naona mambo manne yanayowezekana bila kusubiri mfadhili.

La kwanza ni akiba ya pamoja ya vyombo. Wanawake wetu vijijini wameonyesha njia kupitia vikundi vya Nawe Nuze, ambavyo huweka kidogo kidogo kila wiki na kukopeshana. Vikundi hivyo vina mfuko wa mikopo na mfuko wa dharura. Kwa nini wapiga gitaa, kinanda na besi ishirini wa Bujumbura wasiwe na sanduku lao, lenye funguo tatu kwa watu watatu? Atakayeibiwa apewe mkopo siku hiyo hiyo, alipe kwa harusi zake. Mkopo hauvunji heshima ya mtu kama mchango wa mara ya tatu unavyoivunja.

La pili ni vyombo vya kuazimwa. Rwanda ilifungua shule ya muziki Nyundo mwaka 2014, na wahitimu wake wamejaa katika bendi za Kigali. Zanzibar ilipata chuo cha muziki wa nchi za majahazi mwaka 2002. Sisi tuna makanisa, shule na vituo vya vijana vyenye magitaa yanayolala kabatini siku sita kwa wiki. Gitaa moja la akiba katika kila kata, likiandikwa kwenye daftari na kuazimwa kwa wiki mbili, lingempa aliyeibiwa muda wa kupumua bila kwenda kwa mwenye baa.

La tatu ni mafundi. Kinshasa yupo fundi Misoko Nzalayala, maarufu kwa jina la Socklo, ambaye kwa miongo kadhaa ametengeneza magitaa kwa mbao na vifaa vya kuokoteza. Si magitaa ya kifahari, lakini yanapigwa na watu wanakula. Buyenzi yetu ina mafundi wanaofufua injini iliyokwisha kukatiwa tamaa. Seremala anayeweza kutengeneza kitanda chenye maua, akifundishwa vipimo vya shingo ya gitaa, atashindwa nini? Vikazio, nyuzi na sumaku za kunasia sauti tutanunua nje, lakini hizo si dola 250.

La nne ni sheria na soko la vitu vilivyotumika. Kupokea mali ya wizi ni kosa katika sheria zetu, lakini sokoni hakuna anayeuliza. Wanamuziki wenyewe ndio wateja wa magitaa ya wizi, na hili tuliseme bila kumung'unya. Gitaa la bei ya kutupa lisilo na mfuko wala maelezo lina mwenyewe mahali fulani, na huenda mwenyewe ana harusi Jumamosi. Kabla ya kutoa fedha, uliza namba na uombe sahihi.

Serikali nayo ina nafasi yake. Burundi ina sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2005. Makusanyo ya haki za watunzi yakiwafikia walengwa, sehemu ndogo inaweza kuwa dhamana ya mikopo ya vyombo. Tanzania imeufufua Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na katika miaka hii umekuwa ukitoa mikopo kwa wasanii. Wapo wanaolalamika kwamba masharti ni magumu, lakini angalau kuna mlango wa kubisha hodi.

Na kwa kuwa sote tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje, wabunge wetu wa Arusha wangeweza kuuliza swali moja rahisi: gitaa la mtu anayeishi kwa gitaa lihesabiwe kama pambo la sebuleni au kama chombo cha kazi? Jibu la swali hilo lina maana zaidi kwa kijana kuliko hotuba nyingi za siku ya msanii.

Narudi kwa kijana wangu, maana najua msomaji anataka kujua.

Asubuhi ile nilipotambua kosa langu, nilikwenda kwake kabla ya kengele ya shule. Nikamwambia, "Mwanangu, jana nilikushauri vibaya." Tukakaa kwenye benchi la nje, tukaandika karatasi moja kwa lugha nyepesi. Tuliandika bei ya gitaa la mwenye baa, ile theluthi ya mchango ihesabiwe kuwa malipo ya kwanza, kiasi kitakachokatwa kila usiku wa kazi, na idadi ya usiku ambayo ikitimia gitaa linakuwa lake. Tuliandika pia kwamba siku ya ugonjwa haitahesabiwa kuwa kosa.

Tulikwenda pamoja kwa yule mzee. Alisoma, akanitazama, akasema, "Mwalimu, mimi na huyu ni kama baba na mwana, karatasi ya nini?" Nikamjibu kwamba baba mwema hafichi urithi. Hakufurahi. Alituacha tusubiri siku tatu, akafuta kile kifungu cha ugonjwa, kisha akaweka sahihi.

Si mkataba bora. Akiugua, atalipia. Lakini una mwisho, na mwisho wake umeandikwa kwa tarakimu: usiku 60. Nilipokuwa naandika makala haya alikuwa amefikisha 22. Nyuma ya kichwa cha gitaa tulikuta namba, tukaiandika mara mbili, moja kwenye daftari lake na nyingine kwenye daftari langu la mahudhurio ya wanafunzi, chini ya jina lake la zamani la darasani.

Wenzake sita wameanza sanduku lao. Wiki ya kwanza waliweka faranga 2,000 kila mmoja. Mmoja alinieleza kwa aibu kwamba ni kidogo sana. Nikamwambia kuhusu Ulyankulu, fedha za tumbaku, na gitaa lililokuja juu ya lori.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wizi utaendelea kuwapo, na mabasi yataendelea kuchelewa. Jambo tuliloshindwa mpaka leo ni kukubaliana kwamba kijana anayetufurahisha harusini yuko kazini, na kwamba akipoteza chombo chake kazini, jibu lisiwe pole na mnyororo wa mwenye baa.

Jumamosi hii utakapokuwa unacheza mahali fulani, mtazame mpiga solo. Muulize kama anaijua namba ya gitaa lake.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini Bujumbura. Alisoma Ulyankulu, Tabora, na kurejea Burundi mwaka 2009.